Saratani ya Kinywa na Koo: Upasuaji na Utunzaji wa Njia ya Hewa

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa ambao mara nyingi huanza na jambo dogo: kidonda ulimini kisichopona, au sauti iliyokwaruza ambayo watu husema ni mafua tu. Ni saratani ya kinywa na koo, ambayo wengi tunaiita kansa. Wagonjwa wengi katika nchi zetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na wengine hufika wakihangaika kuvuta pumzi. Hapo daktari hana budi kutoboa tundu shingoni ili hewa ipite, na baadaye familia hurudi nyumbani na mgonjwa mwenye mrija shingoni. Somo hili ni kwa ajili ya familia hiyo, na pia kwa wale ambao bado wana nafasi ya kuwahi.

NJIA MBILI ZINAZOKUTANA

Ukifungua kinywa mbele ya kioo utaona ulimi, ufizi, kaakaa na, kule nyuma, kinyama kinachoning'inia kiitwacho kimeo. Nyuma ya hapo ni koromeo, mahali ambapo njia ya chakula na njia ya hewa hukutana. Chini yake njia hizo hutengana. Chakula huingia kwenye umio na kwenda tumboni. Hewa hupita katika zoloto, yaani kisanduku cha sauti, ambacho kwa wanaume huonekana kama nundu mbele ya shingo, kisha huingia kwenye bomba la hewa hadi mapafuni.

Ndani ya zoloto kuna nyuzi mbili za sauti. Zikikaribiana na kutetemeka, tunasema na kuimba. Zikijifunga wakati wa kumeza, huzuia chakula kisiingie mapafuni. Nafasi iliyo kati yake ni nyembamba. Kwa hiyo uvimbe mdogo juu ya nyuzi hizo hubadili sauti mapema, na uvimbe mkubwa huziba pumzi. Sehemu nyingine za koo zina nafasi zaidi. Huko uvimbe unaweza kukua kimyakimya, na dalili ya kwanza ikawa tezi iliyovimba shingoni.

NANI YUMO HATARINI?

Chanzo kikubwa ni tumbaku ya kila namna: sigara, kiko, ugoro na tumbaku ya kutafuna. Huko pwani na visiwani, tambuu nayo ni hatari, kwa kuwa popoo yenyewe husababisha saratani ya kinywa hata ikitafunwa bila tumbaku. Chanzo cha pili ni pombe. Mtu anayevuta sigara na kunywa pombe hajumlishi hatari mbili tu. Kila moja huzidisha nguvu ya nyingine. Tena kuna kirusi kiitwacho papiloma, kile kile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ambacho huweza kuleta saratani ya nyuma ya ulimi na ya mafindofindo. Kwa hiyo tusimhukumu mgonjwa. Wapo wanaougua bila kugusa sigara wala pombe.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili zifuatazo zikidumu zaidi ya wiki tatu, mgonjwa aonwe na daktari, hata kama hana maumivu:

1. Kidonda kinywani au ulimini kisichopona.
2. Baka jeupe au jekundu lisilofutika ndani ya kinywa.
3. Sauti kukwaruza au kupotea.
4. Maumivu au shida ya kumeza, au chakula kukwama.
5. Uvimbe shingoni, hasa mgumu na usiouma.
6. Maumivu ya sikio moja wakati sikio lenyewe ni zima.
7. Meno kulegea bila sababu, au kinywa kushindwa kufunguka vizuri.
8. Kutema damu, au kukonda bila sababu.

Ipo dalili moja isiyongoja wiki tatu wala siku tatu. Ni pumzi yenye mlio, kama mluzi au mkoromo, wakati mgonjwa anavuta hewa akiwa macho. Mlio huo maana yake njia imebaki nyembamba sana. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, akiwa ameketi. Msimlaze chali.

TAHADHARI KUHUSU KUKATA KIMEO

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtu akikohoa muda mrefu au akilalamika koo, husemwa kuwa ana kimeo, na hupelekwa kwa mkataji wa kienyeji. Kimeo ni kiungo ambacho kila mtu anacho. Kukikata hakuponyi kikohozi wala saratani. Wapo waliotokwa damu nyingi, na wapo walioambukizwa vidonda kwa chombo kichafu. Kwa mtu mwenye saratani ya koo kuna hasara nyingine kubwa: familia huona kwamba tayari ametibiwa, na miezi inapita huku uvimbe ukikua. Mtu mzima aliyekwaruza sauti wiki tatu aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.

MFANO KUTOKA HISTORIA

Ugonjwa huu haubagui cheo. Mwanzoni mwa mwaka 1887, Frederick, mrithi wa kiti cha mfalme wa Ujerumani, alianza kukwaruza sauti. Madaktari wa Berlin waliona kinyama kwenye uzi wake wa sauti, wakashuku saratani, na mwezi Mei wakajiandaa kumpasua. Daktari bingwa aliyeitwa kutoka London alikata vipande vidogo vipimwe kwanza. Kipimo hakikuonyesha saratani, na upasuaji ukaahirishwa. Mwezi Novemba uvimbe ulikuwa mkubwa na hakukuwa na shaka tena. Tarehe 9 Februari 1888, akiwa San Remo huko Italia, alitobolewa shingo ili apate pumzi. Mwezi uliofuata baba yake alifariki, naye akawa mfalme asiyeweza kusema, akitoa amri zake kwa kuandika kwenye vikaratasi. Alitawala siku 99 tu, akafariki tarehe 15 Juni 1888.

Hatuwezi kusema kwamba kisu cha wakati ule kingemponya, maana upasuaji wa koo siku zile uliua wengi. Hata hivyo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kipimo kimoja kikisema hakuna saratani, na dalili zikaendelea, lazima kipimo kirudiwe. Pili, tundu la shingoni humpa mgonjwa pumzi, lakini haliondoi saratani. Ni mlango wa kuingilia kwenye tiba. Siyo tiba yenyewe.

KIPIMO CHA KINYAMA

Hospitalini daktari hutazama koo kwa kioo au kwa mrija wenye taa. Kisha, mara nyingi chini ya nusu kaputi, hukata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Wengi huogopa wakisema, "Kisu kikigusa saratani, inasambaa." Hofu hiyo imewaua watu. Kukata kinyama kwa ajili ya kipimo si sababu ya saratani ya koo kuenea. Saratani huenea kwa sababu inaachwa ikue. Na bila kipimo hicho daktari hawezi kuchagua tiba, kwa kuwa kifua kikuu na magonjwa mengine huweza kufanana nayo. Mgonjwa atapigwa pia picha za shingo na kifua ili ijulikane ugonjwa umefika wapi.

UPASUAJI WENYEWE

Tiba ni za aina tatu: upasuaji, mionzi na dawa za saratani. Mara nyingi hutumika mbili kwa pamoja au zikifuatana. Katika Tanzania, mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, miongoni mwa mahali pengine. Kabla ya mionzi ya kinywa, meno mabovu hung'olewa kwanza, kwa sababu kung'oa jino baada ya mionzi huweza kusababisha mfupa wa taya kuoza.

Saratani ya kinywa kwa kawaida huanziwa kwa upasuaji. Daktari huondoa uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, ili asibakize mzizi. Mara nyingi huondoa pia tezi za shingoni, kwani huko ndiko saratani hukimbilia kwanza. Pengo likiwa kubwa hujazwa kwa nyama na ngozi ya kifuani au ya mkononi, na taya lililokatwa huweza kujengwa kwa mfupa mwembamba wa mguu.

Saratani ya zoloto ikiwa changa hutibiwa kwa mionzi peke yake, au kwa upasuaji mdogo unaopitia kinywani, na sauti hubaki. Ikiwa kubwa na imevunja gegedu, mara nyingi inabidi zoloto lote litolewe. Daktari Theodor Billroth wa Vienna ndiye aliyetoa zoloto lote la mgonjwa wa saratani kwa mara ya kwanza, tarehe 31 Desemba 1873. Leo upasuaji huo unafahamika vizuri, na wapo wanaoishi miaka mingi baada yake. Hapa ndipo faida ya kuwahi inapoonekana: aliyewahi anaweza kupona na sauti yake, aliyechelewa huenda akalazimika kutoa sauti ili aokoe uhai.

TUNDU LA SHINGONI NI LA AINA MBILI

Hapa tunaomba msome polepole, maana kuchanganya aina hizi mbili huweza kuua.

Aina ya kwanza ni tundu lililotobolewa kwenye bomba la hewa, chini ya zoloto, na kuwekewa mrija. Zoloto lingali pale. Tundu hili huwekwa uvimbe unapoziba hewa, au wakati wa upasuaji mkubwa wa kinywa ambapo ulimi na koo hutarajiwa kuvimba. Mara nyingi ni la muda. Njia ikifunguka, daktari huondoa mrija na tundu hujifunga.

Aina ya pili ni ya mtu aliyetolewa zoloto lote. Bomba la hewa limekatwa na mdomo wake umeshonwa kwenye ngozi ya shingo. Tundu hili ni la maisha. Mtu huyu hana tena njia kati ya pua au kinywa na mapafu. Ukimfunika tundu, umemziba pumzi. Akizirai na kuacha kupumua, kumpulizia hewa mdomoni ni kazi bure. Apuliziwe kwenye tundu, na oksijeni nayo iwekwe hapo shingoni. Inafaa awe na kadi au bangili iliyoandikwa: "Ninapumua kwa shingo." Jirani, dereva na mwalimu wa watoto wajue pia.

MATATIZO YANAYOWEZA KUTOKEA

Kuziba. Pua hulainisha na kupasha joto hewa tunayovuta. Anayepumua kwa shingo amekosa msaada huo, na makohozi hukauka na kuganda ndani ya mrija. Hili ndilo tatizo la kawaida na la hatari.

Mrija kuchomoka. Katika siku za kwanza baada ya kutobolewa tundu huweza kujifunga haraka, ndiyo maana mgonjwa hubaki hospitalini mpaka njia ikomae.

Damu. Makohozi yenye michirizi ya damu siku za kwanza si ajabu. Damu mpya inayotiririka, hata ikikoma yenyewe, ni dharura. Huweza kuwa dalili kwamba mshipa mkubwa unakaribia kupasuka.

Mate kuvuja. Baada ya kutolewa zoloto, mshono wa koromeo huweza kuachia na mate yakatoka shingoni. Kwa sababu hiyo mgonjwa hulishwa kwa mrija wa puani kwa siku kadhaa mpaka mshono upone. Msimpe chakula kwa mdomo kwa siri, hata kwa huruma. Huruma hiyo inaweza kumrudisha chumba cha upasuaji.

Chakula kuingia mapafuni. Huwapata waliokatwa ulimi au koromeo huku zoloto likiwa bado lipo. Dalili ni kukohoa kila anapokula, homa na kifua kujaa.

Njia kuwa nyembamba. Baada ya miezi, kovu huweza kubana bomba la hewa au tundu lenyewe. Pumzi ikianza tena kuwa na mlio au kuwa fupi, arudi hospitali.

UTUNZAJI NYUMBANI

Msikubali kuondoka hospitali kabla watu wawili wa familia hawajafundishwa na muuguzi, wakafanya wenyewe mbele yake. Wawili, kwa sababu mmoja akienda sokoni au shambani abaki mwingine.

- Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumhudumia.
- Mrija mwingi una mrija mwingine mdogo ndani yake. Huo wa ndani utolewe na kusafishwa mara tatu au nne kwa siku, au zaidi makohozi yakiwa mengi. Tumieni maji yaliyochemshwa na kupozwa, na brashi ndogo safi. Mrija wa nje usitolewe isipokuwa kwa maelekezo ya hospitali.
- Kamba ya kufungia mrija iwe na nafasi ya kidole kimoja kati yake na shingo. Badilisheni kamba iliyolowa mkiwa wawili, mmoja ameshika mrija.
- Ngozi kuzunguka tundu isafishwe na kukaushwa kila siku.
- Mbele ya tundu kining'inizwe kitambaa chepesi safi kilicholowanishwa kidogo, ili kulainisha hewa na kuzuia vumbi na wadudu. Kisibandikwe. Pamba isitumike, kwa kuwa nyuzi zake huvutwa ndani.
- Mgonjwa anywe maji ya kutosha kama ameruhusiwa kumeza. Makohozi yatakuwa mepesi.
- Asikae jikoni penye moshi wa kuni, wala karibu na mashine ya kusaga.
- Akioga, maji yaishie kifuani. Asiingie ziwani, mtoni wala baharini. Mvuvi inabidi atafutiwe kazi ya nchi kavu.
- Anayelishwa kwa mrija wa puani apewe uji laini wa lishe, maziwa, na supu iliyochujwa, akiwa ameketi. Abaki ameketi nusu saa au zaidi baada ya kula. Mrija usafishwe kwa maji kila baada ya chakula.

MRIJA UKIZIBA: FANYENI HAYA

Kwanza, mketisheni na kumtuliza, mwambieni akohoe. Pili, toeni mrija wa ndani mara moja. Mara nyingi hilo linatosha. Tatu, kama mna mashine ya kufyonza makohozi na mmefundishwa, itumieni. Nne, ikiwa bado hapumui na mrija haufunguki, fungueni kamba na kuutoa mrija wote. Mrija ulioziba ni mbaya kuliko tundu lisilo na mrija. Wekeni ule wa akiba kama mlivyofundishwa, kisha mkimbilieni hospitali. Mrija wa akiba, kamba, tochi na namba ya simu ya wodi vikae kwenye mfuko mmoja karibu na kitanda, na watoto wasiuguse.

SAUTI NA UTU WA MGONJWA

Mtu aliyepoteza sauti hajapoteza akili wala cheo chake katika nyumba. Baba aendelee kuulizwa kuhusu ada ya shule na shamba. Mama aendelee kushauriwa. Mpeni daftari na kalamu, na kengele ya kuita usiku. Asiyejua kusoma atengenezewe picha au ishara. Mwenye tundu la aina ya kwanza huweza kuruhusiwa na daktari kuziba mrija kwa kidole ili aseme. Aliyetolewa zoloto huweza kujifunza kusema kwa kumeza hewa na kuitoa kama mcheuo, au kwa kifaa kinachotetemesha shingo, au kwa kidude kidogo kinachowekwa kati ya bomba la hewa na umio. Sauti haitakuwa ile ya zamani, lakini itaeleweka.

Wengine hujificha kwa sababu ya mrija, harufu, au uso uliobadilika. Jumuiya iwatembelee. Watoto waelezwe kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kushikana mikono. Mgonjwa Mkatoliki asiyeweza kumeza hostia asikae bila Komunyo akidhani amezuiwa. Sheria ya Kanisa inaruhusu, panapo lazima, kupokea kwa umbo la divai peke yake. Kwanza ulizeni daktari kama anaruhusiwa kumeza, halafu zungumzeni na padre.

Na pale ambapo saratani imekwisha kuenea sana, bado ipo kazi ya kufanya. Maumivu yana dawa, ikiwamo mofini ya maji. Tundu la shingoni huweza kumwokoa mtu na kifo cha kukosa hewa. Familia iulize mapema, mgonjwa mwenyewe akiwepo na akiweza kujibu, anataka nini kifanyike na nini kisifanyike.

KINGA

Acheni tumbaku, hata kwa aliyekwisha kuugua, kwa sababu anayeendelea kuvuta hupona vibaya na huweza kupata saratani nyingine. Punguzeni pombe au iacheni. Safisheni kinywa kila siku. Wapelekeni wasichana wakapate chanjo ya kirusi cha papiloma, ambayo Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Na mara moja kwa mwezi, kila mtu mzima akae penye mwanga na kioo, atazame chini ya ulimi, pembeni mwake, ndani ya mashavu na kwenye ufizi, kisha apapase shingo pande zote mbili. Kazi hiyo haizidi dakika mbili.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika familia yetu yupo aliyekwaruza sauti au mwenye kidonda kinywani zaidi ya wiki tatu? Nani atamsindikiza hospitali wiki hii?
2. Kuna tofauti gani kati ya tundu la muda na tundu la mtu aliyetolewa zoloto? Kila mmoja aeleze kwa maneno yake.
3. Mrija ukiziba usiku, hatua nne ni zipi?
4. Jumuiya yetu inaweza kusaidiaje nauli, chakula na zamu za kumlinda mgonjwa anayeenda kwenye mionzi kwa wiki kadhaa mbali na nyumbani?